Kaniki Nyeupe

Watu wa Temeke wakikwambia wamekiona kitu kwa macho yao, usibishane nao. Itikia, aga, nenda zako. Walimwona Mwanabaraka akicheza ngoma ndani ya eda ya mumewe. Uwanja mzima ulimwona, wazee kwa watoto, na wako walioliapia hilo mpaka wanaingia kaburini. Wala hawakuwa waongo, ndiyo balaa lenyewe. Walimwona kweli. Ila yeye hakucheza.

Mwanabaraka alikuwa Mzaramo, mke wa Mwinjuma, kuli wa matishari bandarini, na mama wa mtoto mmoja, Hamisa. Asubuhi alikaanga vitumbua, vikiisha vimeisha, lakini hakuna aliyemjua kwa vitumbua. Alijulikana kwa lelemama. Na lelemama, kwa asiyejua, si ngoma ya kutifua vumbi na kukata viuno. Ni ngoma ya mabega na mikono. Wanawake husimama safu moja, sare moja, pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, na aibu ni ya yule atakayeharakisha. Mwanabaraka alikuwa na namna yake ya kulitupa bega la kushoto, halafu akalirudisha taratibu kama mtu aliyebadili nia mlangoni. Wapo waliomwiga, wakaonekana wanajikuna mgongo. Hata ungemfunika gubigubi, bega lile likitupwa tu, Temeke nzima ingesema huyo ni Mwanabaraka.

Kilichomkera ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujiona. Kioo cha nyumbani kilikuwa cha kupakia wanja, kinakuonyesha jicho moja na nusu ya pua. Akiwauliza wenzake, "Shoga, nacheza vipi?" walimjibu, "Vizuri." Akiuliza, "Vizuri vipi?" walichoka naye. "Vizuri tu, mwanamke, kwani unataka tukukatie tikiti?" Basi akabaki na kiu yake, na kiu ya namna hiyo utaicheka mpaka ikupate wewe.

Hapo ndipo alipotokea Gozbert. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mkristo mpole mwenye soksi ndefu, msemaji wa gari la sinema lililozunguka vitongojini kuwaonyesha watu namna ya kuchimba choo na kuua mbu. Siku hiyo alikuja na Mzungu kijana, mwembamba kama fito, ambaye hakuwa na habari ya choo wala ya mbu. Alitengeneza picha zake mwenyewe, fupi fupi, za majaribio. Wanawake walimpa jina Bwana Kivuli, kwa kuwa popote aliposimama alitazama kivuli cha mtu kabla ya kumtazama mtu.

"Anataka picha ya macho kudanganywa, Bi Mwanabaraka," Gozbert alieleza. "Mtu mmoja anacheza, anakuwa watatu. Yupo, hayupo. Kama kiinimacho, ila kwa ngoma."

"Na mie nitajiona?"

"Utajiona. Picha ikiwa tayari italetwa hapa hapa Temeke, itaonyeshwa kwenye shuka."

Mwinjuma alipoambiwa alicheka, akasema sawa, lakini mkewe hatakwenda peke yake huko Uzunguni kwa Bwana Kivuli, na lingine, neno hilo lisimfikie dada yake. Dada yake ni Bi Kidawa wa Gongo la Mboto, mwanamke aliyemlea Mwinjuma tangu mama yao afe, na ambaye kwa mapenzi hayo hakuna mke aliyemtosha ndugu yake. "Kidawa akisikia," alisema Mwinjuma, "atasema nimeanza kumtembeza mke wangu kwa Wazungu. Wacha aje aone kwenye shuka, afe kwa wivu." Basi wakaenda kimyakimya, mtu na mumewe.

Mwanabaraka alibeba doti yake mpya ya kanga, yenye maua mekundu, na udi alishajifukiza tangu asubuhi. Bwana Kivuli akaitazama kanga, akatikisa kichwa. Anataka kaniki.

"Kaniki!" Mwanabaraka aliruka. "Nguo ya kulimia! Nimetoka Temeke yote hiyo nije nichezee kaniki?"

"Anasema nguo iwe nyeusi kabisa, isiwe na ua hata moja," alisema Gozbert. "Sababu zake utaziona mbele."

Wakaazima kaniki kwa mke wa mpishi, na ilinuka kitunguu. Akasimama mbele ya ukuta mweupe wa nyumba ile, jua la saa nane linachoma, na kwa kuwa bila mdundo hawezi kucheza, Mwinjuma aliketi kibarazani akampigia makofi. Alicheza. Wakamsimamisha, wakamsogeza, akacheza tena. Mwinjuma alimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto, na njiani kurudi akamwambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajapata kumtazama vizuri kama siku ile, maana kwenye ngoma za wanawake wanaume hufukuzwa. Mwanabaraka aliona haya kama bibi harusi.

Haukupita muda, Mwinjuma akafa. Homa tu, kama homa za watu wote. Wengine huamka, yeye hakuamka.

Mwanabaraka akaingia eda. Akavuliwa bangili na vipini, akavalishwa bafta nyeupe isiyo pindo wala ua, akaketi ndani kuhesabu miezi minne na siku kumi. Na chumba cha ndani, nyuma ya pazia, alikuwamo Hamisa, aliyevunja ungo wiki chache kabla ya msiba na kufungiwa kama desturi. Nyumba moja, wanawake wawili wamefungiwa, mmoja anaaga uanamke wa ndoa na mwingine anafundishwa kuuingia. Mpango ulikuwa kwamba mama atoke eda kwanza, ndipo amtoe mwanawe kwa ngoma. Hiyo ndiyo iliyomtia Mwanabaraka nguvu ya kula. Alishapanga nani atapiga, nani atapika, kanga gani atamvika mwanawe, na yeye atakavyocheza mbele yake tangu mlangoni mpaka barazani. Mume kashachukuliwa; mtoto huyu alikuwa ndiyo shughuli iliyobaki duniani.

Sinema ikaja baada ya magharibi. Mwanabaraka aliisikia kutoka ndani: kwanza mngurumo wa gari, kisha sauti ya Gozbert kwenye kipaza sauti, kisha watu wakichekea choo, wakizomea mbu. Halafu pakawa kimya. Halafu ikatoka sauti ambayo hajapata kuisikia kwa umati, si kicheko wala si kilio.

"Mama, wanapigana?" Hamisa aliuliza nyuma ya pazia.

"Ni sinema, mwanangu. Lala."

Sasa sikiliza walichokiona. Picha ya sinema kabla haijasafishwa mpaka mwisho huwa kinyume, cheusi kinatoka cheupe na cheupe kinatoka cheusi. Mafundi wanalijua hilo, wanaigeuza, sie tunaona mambo yalivyo. Bwana Kivuli hakuigeuza. Huo ndio uliokuwa ujanja wake. Ukuta mweupe ukawa giza la usiku, kaniki nyeusi ikawa bafta nyeupe pee, na uso wa Mwanabaraka ukawa kama umepakwa unga. Basi uwanja mzima wa Temeke ukamwona mjane aliyefiwa juzi, kavaa nguo zake za eda, usiku wa manane, peke yake, analitupa bega la kushoto na kulirudisha. Mara akawa wawili. Mara watatu. Mara hayupo. Ilikwisha kwa muda wa kuchemsha yai, na wanawake wawili walizimia.

Na Gozbert alikuwa na kipaza sauti mkononi! Neno moja tu lingetosha. Lakini Bwana Kivuli alishamkataza. "Usiwaeleze chochote," alimwambia. "Nataka nione watasemaje." Gozbert mtu wa utii, akafunga mdomo. Utii wa namna hiyo sijui umemfaa nani.

Uwanjani alikuwapo pia Bi Kidawa, aliyekuja kumletea wifi yake unga wa muhogo. Unga haukufika.

Asubuhi aliingia bila hodi. Nyuma yake alikuwa Mfaume, mdogo wake Mwinjuma, aliyebaki kuwa mkubwa wa kiume wa ukoo, na Mwalimu Jamali wa msikitini, kavutwa kutoka kwenye uji wake.

"Wifi," alisema Bi Kidawa kabla hajaketi, "jana tumekuona kwenye shuka. Unacheza."

Na Mwanabaraka, Mungu amrehemu, ulimi ukamponyoka. Uso ukamng'aa, akauliza, "Ilikuja? Nilikuwaje?"

Laiti angenyamaza. Bi Kidawa alipiga kofi mapajani. "Mnamsikia? Mnamsikia wenyewe? Kaburi la ndugu yangu halijaota hata nyasi, mwanamke anauliza alichezaje!"

"Wifi, hapana, ngoja nikueleze! Ile ilipigwa kabla ya msiba. Mwinjuma mwenyewe alinipeleka, alikuwapo, alinipigia makofi."

"Shahidi wako ni marehemu. Haya, twende tukamfukue."

Mfaume hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Shemeji," aliuliza polepole, "kama ni kabla ya msiba, ile bafta ilitoka wapi? Mwanamke ana mume mzima anavaa nguo ya eda, anajipaka unga, anacheza usiku peke yake. Ulikuwa unamchezea nini kaka yangu?"

Hapo hata Mwalimu Jamali aliinua kichwa. Maana sasa milango ilikuwa miwili na yote mibaya: ama alivunja eda, ama alimchezea mumewe uchawi mpaka kaburini.

"Haikuwa bafta!" Mwanabaraka alilia. "Ilikuwa kaniki! Naapa, kaniki nyeusi ya mke wa mpishi, na ilikuwa mchana!"

Bi Kidawa alicheka kicheko cha puani. "Kaniki hata uifue kwa sabuni gani, rangi yake ni ile ile. Leo yako imetakata? Lisemwalo lipo, wifi, na kama halipo laja." Akasogea kwenye pazia. "Hamisa, mwanangu. Wewe ndiye unalala humu. Mama yako alitoka usiku, hata mara moja?"

Mwanabaraka akageukia pazia, moyo umetulia kabisa, kwa kuwa shahidi aliye hai huyo hapo, mtoto wake mwenyewe.

"Sijui, shangazi," alisema Hamisa.

Labda aliogopa. Labda ndiyo ukweli wake, maana alikuwa mtoto wa kulala kama gogo. Lakini Mwanabaraka aliketi akilitazama pazia lile kama mtu aliyepigwa kofi na mgonjwa anayemuuguza.

Mwalimu Jamali akajaribu. "Tusihukumu mtu kwa shuka. Aje yule Mzungu, au karani wake, aseme picha ilipigwa lini na nguo ilikuwa ya rangi gani." Wakakubaliana: mpaka Ijumaa baada ya sala. Asipokuja mtu wa kusema, Bi Kidawa anamchukua mwali, kwa kuwa mwanamke wa sifa hizo hawezi kumfunda wala kumtoa mtoto wa Mwinjuma.

Mwanabaraka alimtuma jirani yake, mzee Romani, fundi cherehani. Akarudi kachanika suruali. Mbwa wa Uzunguni walimpokea wao kwanza. Alichofanikiwa kusikia getini ni kwamba Bwana Kivuli anafunga mizigo, meli inaondoka Ijumaa.

"Mwalimu," Mwanabaraka alimwuliza Mwalimu Jamali dirishani, "nikienda mwenyewe?"

Mwalimu alishusha pumzi. "Sheria inamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja isiyo budi, akarudi kabla jua halijazama. Hiyo ni sheria, mwanangu. Lakini sheria ni ya Mungu, midomo ni ya watu."

Alhamisi asubuhi alitoka. Nguo nyingine hakuwa na haki ya kuvaa, akatoka na bafta yake. Kisimani wanawake waliacha kuteka. "Huyo anatoka tena!" alisema mmoja, na neno hilo, "tena," lilimfuata mpaka Keko. Akaupita mji, akavuka daraja la Selander, miguu imejaa vumbi.

Bwana Kivuli alipomwona aliruka kwa furaha. Alitazama ile nguo nyeupe, akatazama ukuta, akakimbilia kamera iliyokuwa imeshafungwa kwenye sanduku. "Cheza!" alimwambia. Ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo. Mwanabaraka alisimama pale pale, mikono imelegea, machozi yanamtoka, akamweleza yote. Na yule bwana, kwa kuwa haelewi, aliendelea kumpiga picha analia.

Gozbert alitokea ndani na kamba mkononi. Alipomaliza kusikia alikaa juu ya sanduku. "Yesu na Maria," alisema. Akamgeukia Bwana Kivuli, akamweleza kwa Kiingereza, kirefu. Yule bwana alisikiliza mdomo wazi, kisha akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeotesha mbegu na kuona imeota.

"Anasemaje?" aliuliza Mwanabaraka.

Gozbert alishindwa kumtazama. "Anasema hakutegemea wangeamini kiasi hicho. Amefurahi."

"Mwambie aje Temeke aseme."

"Hana nafasi, anapanda melini asubuhi. Nitakuja mie, Bi Mwanabaraka. Namalizia kumpakilia mizigo, kesho jioni nitakuwa kwako."

"Jioni, baba? Wao ni baada ya sala."

"Wasihi wanisubiri," alisema Gozbert. Watu wenye soksi ndefu hudhani dunia nzima husubiri.

Hawakusubiri. Ijumaa watu walipotoka msikitini Bi Kidawa alimtoa Hamisa, kamfunika kanga utosini mpaka miguuni, akampakia kwenye lori la Barabara ya Pugu. Mwanabaraka alishika ukingo wa lori, wakamwondoa vidole kimoja kimoja. Mtoto ndani ya kanga hakutoa sauti.

Gozbert alifika jua linazama, shati limelowa. Alimkuta Mfaume barazani, akamweleza kila kitu kwa adabu: kinyume cha picha, ukuta, kaniki, makofi ya marehemu, na kwamba yeye mwenyewe alikatazwa kusema. Mfaume alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Nimekuelewa, karani," alisema. "Huenda ni kweli. Sasa nijibu moja tu. Jana ulimwona shemeji yangu wapi?"

Gozbert alijifuta jasho. "Uzunguni," alisema mwisho.

"Kavaa nini?"

"Nguo nyeupe."

"Na yule Mzungu wako alikuwa anafanya nini?"

"Anampiga picha."

"Basi," alisema Mfaume, akamwitia maji ya kunywa. Picha ilisema uongo, wakamtoa mwanamke ndani akaukanushe, na alipotoka uongo ukawa kweli. Huyo karani angekuja na malaika wawili wa kumshuhudia asingeweza kuufunga tena mlango ule aliotokea.

Eda ilikuwa haijaisha habari ilipofika kwamba Jumamosi mwali anatolewa Gongo la Mboto. Mama mtu hakualikwa. Mwanabaraka alikaa nayo habari ile, akaigeuza, akaona hana tena anachokilinda. Mtu aliyeitwa mwizi wa kuku mpaka akafungwa, akitoka ale basi huyo kuku. Alijitanda bafta yake, akafuata Barabara ya Pugu kwa miguu.

Ngoma ilikuwa imepamba moto. Hamisa alikuwa juu, mabegani mwa mwanamke mmoja mnene, kapakwa mafuta, shanga kifuani, kavikwa kanga ambazo mama yake hakuzichagua. Bi Kidawa alimwona mgeni wake kutoka mbali, akatoa wimbo hapo hapo, na wenzake wakaudaka:

*Mjane kapenda taa,*
*eda kaitupa nje!*

Waliuimba wakimtazama usoni. Mwanabaraka alisimama kando kidogo. Kisha akaingia katikati ya uwanja, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wote.

"Mlinitazama kwenye shuka," alisema kwa sauti, "shuka halina roho. Nitazameni mie."

Akalitupa bega. Wapigaji wakasita, na wapigaji wakisita ngoma hufa, lakini mmoja wao, bibi mtu mzima, mikono ikamshinda ikamfuata, na wengine wakamfuata yule bibi. Mwanabaraka alimchezea mwanawe ngoma yote aliyompangia, ya mlangoni mpaka barazani, ingawa mlango haukuwa wake wala baraza. Wimbo wa kejeli ukakatika wenyewe. Wapo walioziba midomo kwa kanga. Alicheza akisogea, akisogea, mpaka akawa chini kabisa ya miguu ya Hamisa, akainua uso. "Hamisa," aliita. "Mama huyu."

Mwali siku ya kutolewa hainui macho. Anayeinua macho huambiwa hakufundwa, na aibu hiyo humfuata mpaka nyumbani kwa mume. Mwanabaraka alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Hamisa alikuwa kainamisha uso, macho yake mapajani, na hayakuinuka. Mama alimtazama kope, angalau zicheze, angalau moja, apate kujua kama mtoto anashika adabu au anamkana. Hazikucheza. Yule mwanamke mnene akageuka na mzigo wake, na ngoma ikaenda upande wa pili.

"Hongera, Bi Kidawa!" ilisikika sauti nyuma. "Mwali kafundwa huyu, jamani!"

Mwanabaraka alirudi Temeke kwa miguu, akafunga mlango. Siku za eda zilizobaki alizikaa zote, hakutoka hata kuchota maji, ingawa hakuna aliyekuwa akimhesabia tena.